Nondo za Nje za Jamhuri ya Shwari

Iko nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikosa, maana wachora ramani walitakiwa kuomba kibali kwanza na kibali chao bado kiko mezani. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Upande mmoja ina bahari yenye chumvi kali, upande wa pili ina milima ambayo haijatulia tangu iumbwe, na katikati wanaishi Washwari, watu wema, wasikivu, wenye kupiga makofi hata kabla hotuba haijafika panapostahili makofi.

Ardhi ya Shwari hutikisika. Mara tatu au nne kwa mwaka vikombe huanguka kabatini na mbwa hubweka mtaa mzima. Lakini tusije tukaisingizia nchi ya watu: Shwari haina matetemeko. Sheria ya Utulivu wa Ardhi, kifungu cha nne, inasema bayana kwamba ardhi haitatikisika bila ruhusa ya maandishi. Kwa hiyo kila inapotikisika redio ya taifa hukatiza muziki na kutangaza kwamba serikali ilikuwa inajaribu uimara wa nchi, na kwamba jaribio limefana sana. Wananchi huokota vipande vya vikombe vyao na kushukuru kwa kuwa na serikali inayojishughulisha.

Katika Wizara ya Ujenzi na Mwonekano kulikuwa na chumba kimoja chini ya ngazi, kisicho na dirisha, kilichoandikwa mlangoni "Kitengo cha Vitu vya Ndani". Humo alikaa Mhandisi Chausiku Mapande, mjane wa miaka hamsini na mbili, ambaye alikuwa mkuu wa kitengo, msaidizi wa mkuu, na wafanyakazi wote wa kitengo. Kazi yake ilikuwa vitu ambavyo jengo likishakamilika havionekani tena: misingi, mabomba yaliyofukiwa ukutani, na nondo za ndani ya nguzo. Wenzake wa Kitengo cha Rangi walikuwa themanini na sita, wenye basi lao na timu yao ya mpira.

Chausiku alikuwa na tabia moja mbaya, nayo ni kuangalia nguzo. Washwari huchanganya zege kwa mchanga wa pwani, kwa sababu uko karibu na hakuna anayeudai. Chumvi ya mchanga ule huingia kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani, na nguzo inabaki imesimama kwa mazoea tu. Yeye alijua kwamba siku ardhi ikienda kulia na kurudi kushoto, kinachoishika nguzo isisambaratike ni nondo, na hasa zile ringi zinazozizunguka nondo na kuzibana, kule juu na kule chini ambako nguzo hupinda. Ringi zikiliwa na kutu, nguzo hutumbuka kama gunia la mtama lililokatika uzi.

Aliyaandika haya yote katika ripoti ya kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ripoti ilizunguka wizarani miaka saba ikikusanya saini za watu wasioisoma. Mkubwa wa kumi na mbili, akidhani ni maombi ya samani, aliandika pembeni: "Wapewe." Na kwa vile neno la mkubwa halirudi, balozi aliagizwa, nchi rafiki ikaombwa, na baada ya mwaka mmoja meli ikatia nanga ikiwa na shehena ya nondo zisizoshika kutu. Hazikuwa nyingi. Zilitosha jengo moja tu, na jengo hilo lilishachimbiwa msingi hatua mia mbili kutoka baharini: Shule ya Wasichana ya Utukufu, ghorofa nne, nguzo arobaini na nane.

Wiki hiyohiyo barua za kidato cha kwanza zilitoka. Mwanahawa, binti pekee wa Chausiku, mwenye miaka kumi na minne na meno ya mbele yaliyoachana, alikuwa amechaguliwa Utukufu. Tangu siku hiyo nondo zile zikawa jambo la nyumbani kwa Chausiku, na usingizi ukampaa.

*

Mapokezi ya nondo bandarini yalihudhuriwa na bendi mbili. Mheshimiwa Daktari Lilumbi Pazi, Waziri wa Ujenzi na Mwonekano, alivua miwani, akalitazama lile rundo lililokuwa linang'aa juani, akaona sura yake humo mara nyingi mno. Akafurahi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Chuma hiki kinang'aa! Na kinang'aa kwa nini? Kinang'aa kwa sababu ya sera! Kuna vyuma katika mataifa mengine, ndugu zangu, sivitaji, ambavyo vina kutu. Navyo vina kutu kwa nini? Kwa sababu ya kukosa uzalendo!"

Makofi yalipopungua akamwinamia Chausiku, aliyekuwa ameitwa ili asimame nyuma ya mheshimiwa kama utaalamu.

"Mhandisi, hizi zitakaa wapi?"

"Ndani ya nguzo za shule, mheshimiwa."

"Ndani upande gani?"

"Katikati ya zege. Zikishamwagiwa zege zinafunikwa zote."

Waziri alirudisha miwani machoni. "Unataka kuniambia serikali imeleta chuma kinachong'aa kutoka ng'ambo ya bahari ili ikakifukie?"

"Ndiyo kazi ya nondo, mheshimiwa."

"Na mwananchi atajuaje kwamba tumemwekea?"

"Atajua siku ardhi itakapotikisika."

"Ardhi haitikisiki," alisema waziri, na wasaidizi saba wakaliandika hilo kwenye madaftari.

Hapa msomaji mgeni anapaswa kuielewa desturi ya Shwari, asije akamwona waziri mjinga. Katika nchi hiyo mradi hauwi mradi mpaka uzinduliwe, na hauzinduliwi mpaka uonekane kutoka barabarani. Ndiyo maana vijiji vyao vina mabomba mazuri yenye rangi za bendera, yanayoanzia hewani na kuishia hewani. Maji hayamo, lakini mabomba yanaonekana, na kila bomba lilikatiwa utepe. Waziri hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafuata mila.

Kwa hiyo siku ya pili ukatoka waraka. Nondo zisizoshika kutu zitafungwa nje ya nguzo, kuanzia chini hadi juu, zikisuguliwa ili mpita njia ajionee. Ndani ya nguzo zitawekwa nondo za kawaida zilizomo stoo. Chausiku alikwenda stoo kuziangalia hizo za kawaida. Zilikuwa zimelala kwenye mvua miaka sita. Alishika moja, ikamwachia unga mwekundu mkononi.

Alirudi chumbani kwake chini ya ngazi akalia. Akajifuta, akaandika barua ya kupinga, ikajibiwa na Kitengo cha Rangi, waliomshukuru kwa maoni yake na kuahidi kuyazingatia wakati wa kuchagua rangi.

*

Msimamizi wa mafundi pale Utukufu alikuwa Fundi Shomvi, mtu mfupi, mwenye vidole vinene na mdomo usiokwisha maneno. Chausiku alimfuata asubuhi moja nyuma ya uzio wa mabati, akamweleza anachotaka: zile zinazong'aa ziingie ndani, zile za stoo zipakwe rangi ya fedha zifungwe nje.

Fundi Shomvi alikaa kwenye ndoo akamwangalia.

"Mama, ngoja kwanza. Mimi nimejenga miaka thelathini. Nimeambiwa nitoe nondo mbili kila nguzo, nikatoa. Nimeambiwa niruke ringi moja niweke moja, nikaruka. Wizi wote wa ndani kwenda nje naujua. Huu wa kuchukua cha nje kukitia ndani, wallahi, ndiyo nausikia kwako."

"Utanisaidia?"

"Tukikamatwa?"

"Utasema nilikuamuru."

"Una binti atakayesoma humu?"

"Ninaye."

Fundi alisimama akakung'uta suruali. "Wangu alisoma kwenye jengo nililoruka ringi," alisema. "Kila tukitikiswa nilikuwa nakimbilia pale shuleni, sijui hata nikifika nitafanya nini. Lete hiyo rangi."

Walifanya kazi mchana kweupe miezi mitano. Hakuna aliyewasumbua, maana wakaguzi wa wizara walikuja kila Ijumaa kukagua rangi ya uzio. Fundi alikunja kila ringi mwenyewe, ncha zake akazirudisha ndani ya nguzo ili zisifunguke, akazibananisha kule juu na kule chini. Chausiku alipima nafasi kwa shubiri yake, nguzo baada ya nguzo. Mchanga waliuleta kutoka mto wa bara, wakamwambia mlinzi ni wa bustani. Na kila zege lilipomwagwa likaufunika ule mng'ao, Chausiku aliona raha ambayo hakuweza kumweleza mtu, na hofu vilevile, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu na hakuwahi kuiba hata kalamu.

*

Uzinduzi ulifana. Waziri alikata tepe arobaini na nane, mmoja kila nguzo, mpaka mkasi ukabadilishwa mara mbili. Wanafunzi waliimba shairi refu la kuzisifu nondo za nje, na Mwanahawa, aliyekuwa mstari wa mbele, alimtazama mama yake kwa jicho la kujua, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na siri kubwa.

Baada ya wiki kumi, upepo wa baharini ukafanya kazi yake. Nondo zisizoshika kutu zilishika kutu. Michirizi myekundu iliteremka ukutani, na wapita njia wakaanza kuuliza kwa sauti ndogo.

Serikali haikukaa kimya. Kwanza ilieleza kwamba ile si kutu, ni rangi ya ukomavu ambayo chuma bora hupata kinapozoea mazingira. Kisha ikaunda Brigedi ya Msasa, vijana mia moja na ishirini waliosugua nondo zile kila Alhamisi na kuzipaka rangi ya fedha upya. Kamanda wa brigedi alipandishwa cheo mara mbili mwaka huo. Chausiku alipita pale kila Alhamisi, akawasalimia, akaenda zake.

*

Jumanne moja saa nne asubuhi ardhi ilitikisika, na safari hii haikuishia kwenye vikombe.

Ilikwenda kulia ikarudi kushoto, ikarudia, ikarudia tena, muda wa mtu kusali sala fupi. Chausiku alikuwa chini ya ngazi. Alipotoka nje aliona vumbi limesimama juu ya mji kama ukuta. Hakuvaa viatu. Alikimbia peku mpaka Utukufu, na njiani hakuomba kitu kingine ila kwamba zile ringi alizozipima kwa shubiri ziwe zimeshika.

Shule ilikuwa imesimama. Nguzo zilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, madirisha yote yamevunjika, zile nondo za nje zimedondoka uwanjani kama tambi. Wasichana mia sita walikuwa wanashuka ngazi, weupe kwa vumbi, wanalia, wanaitana majina. Mwanahawa alishuka akiwa amembeba mgongoni rafiki yake Zamaradi, aliyekuwa amechanwa mguu na kioo. Chausiku alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili.

Upande wa pili wa barabara, Masjala ya Mkoa haikuwepo. Ghorofa tatu zilikuwa zimelaliana. Chausiku alifukua pamoja na watu wengine mpaka kucha zikatoka damu, na katika kila kipande cha nguzo alichokishika aliona zile nondo alizoziandika kwenye ripoti, nyembamba kama uzi, nyekundu. Walikufa watu thelathini na moja. Redio ilitangaza kwamba jaribio la uimara wa nchi limefana, na kwamba watumishi thelathini na moja wa masjala hawakuonekana kazini na wanatakiwa kutoa maelezo.

*

Hata hivyo nchi nzima ilikuwa imeona shule ikisimama, na jambo lililoonekana ni mradi. Ikaundwa Tume. Tume ilikaa hotelini wiki tano, ikasikiliza mashahidi tisini, akiwemo kamanda wa Brigedi ya Msasa, ikahitimisha kwamba shule iliokolewa na nondo za nje, ambazo kwa uzalendo wao zilijitoa mhanga, zikadondoka ili jengo lisidondoke. Ikapendekeza shule saba mpya zijengwe kwa mtindo huo, nondo zote nje, na ndani ya nguzo pasiwekwe kitu, ili kuepuka ubadhirifu. Ya kwanza, Shule ya Wasichana ya Kitopeni, ilianza kesho yake, ikakamilika kwa miezi mitatu, kwa kuwa nguzo zisizo na kitu ndani hazichukui muda.

Kilichobaki ni saini ya mtaalamu mmoja. Chausiku aliitwa na waziri mwenyewe, akapewa kiti na chai.

"Mhandisi, wewe ndiye mama wa mradi huu," alisema mheshimiwa. "Utapata Nishani ya Uimara, daraja la kwanza. Kitengo chako tutakihamishia ghorofa ya nne, chumba chenye madirisha. Jumamosi utasaini mbele ya redio, hewani moja kwa moja. Jumatatu Kitopeni inafunguliwa."

Alirudi nyumbani akakuta Mwanahawa anapika. Akamsimulia, akijaribu kucheka alipofika kwenye madirisha. Mtoto hakucheka.

"Mdogo wake Zamaradi anaanza Kitopeni Jumatatu," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Nguzo zao zina nini ndani?"

"Zege."

"Na nini?"

Chausiku aliangalia sufuria. Alikuwa amedanganya serikali nzima ili binti yake aishi, na binti yake alikuwa hai, anakoroga uji. Sasa ule uongo ulikuwa umezaa shule, na ulikuwa na mimba ya nyingine sita. Angenyamaza, asingepoteza kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama, na nini?" Mwanahawa aliuliza tena.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nishani ilikuwa kwenye mto wa mahameli. Chausiku alisogezewa kipaza sauti ili aseme maneno mawili ya shukrani, akasema mengi kidogo.

"Nondo za nje hazikuokoa mtu. Zilikuwa za stoo, zimepakwa rangi. Zile zisizoshika kutu niliziweka ndani ya nguzo, na ringi zake, kama inavyotakiwa. Shule za kando ya bahari zinataka chuma hicho, na kinataka kukaa ndani. Nguzo za Kitopeni ni tupu. Msiwapeleke watoto."

Redio ilikuwa hewani. Fundi mitambo alipokumbuka kuzima, nchi nzima ilishasikia, na katika nyumba nyingi watu walikuwa wameinuka kutazama nguzo zao.

Waziri hakukasirika kwa sababu ya uongo. Katika Shwari uongo si kosa, ni hatua ya awali. Alikasirika kwa sababu nyingine kabisa.

"Kwa hiyo unakiri," alisema, sauti ikitetemeka kwa uchungu wa kweli, "kwamba mali ya umma, iliyopokelewa na bendi mbili, umeificha mahali ambapo umma hauwezi kuiona?"

Kesi ilichukua siku mbili. Alishtakiwa kwa kuficha mali ya serikali ndani ya zege. Fundi Shomvi alikwenda mahakamani kwa miguu yake akasema ndiye aliyezifunga zile ringi na angezifunga tena, lakini hakimu alimwambia kwamba fundi hana akili ya kutenda kosa la kitaalamu, akamfukuza. Chausiku alipewa miaka sita. Ufunguzi wa Kitopeni ukasogezwa mbele, kwa sababu ya kelele za wazazi, mpaka kelele zipungue. Na mahakama ikaamuru mali irudishwe: nguzo arobaini na nane za Utukufu zivunjwe moja moja, nondo zitolewe, zikaoneshwe Makumbusho ya Taifa. Shule haikuathirika na amri hiyo, alifafanua hakimu. Masomo yangeendelea.

*

Hapo ndipo utaratibu, ambao huwa haumjui mtu, ulipowakwaza wakubwa wenyewe. Nguzo ya serikali haivunjwi bila fomu kusainiwa na Mkuu wa Kitengo cha Vitu vya Ndani. Mkuu alikuwa gerezani. Walitafuta mwingine wakakuta hakuna, maana kwa miaka ishirini hakuna kijana aliyetaka kuajiriwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Baada ya wiki tatu za mashauriano ukapatikana ufumbuzi: Chausiku arudishwe kazini kwa siku moja, Ijumaa, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, asaini, kisha arudi kutumikia kifungo.

Akaletewa gari, muhuri, ndoo ya gundi, na kitabu cha fomu. Vitabu hivyo hutolewa vizima, hakuna anayepewa karatasi moja moja, na kila kimoja kina karatasi kumi na mbili. Akapewa pia askari, Afande Kigogo, mtu mnyoofu mwenye amri mbili mfukoni: kumsindikiza Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo popote kazi itakapompeleka, na kumrudisha mfungwa Chausiku saa tisa na nusu.

Walianzia Utukufu. Wavunjaji walikuwa tayari na mashine zao, waandishi wamejipanga. Mwanahawa na wenzake walichungulia madirishani. Chausiku alichana karatasi ya kwanza. Fomu ina sehemu tatu: Livunjwe, Lisiguswe, Watu Watoke. Akatia alama kwenye ya pili, akasaini, akagonga muhuri, akaibandika mlangoni.

"Mama!" alifoka ofisa wa waziri. "Hiyo siyo!"

"Ndiyo niliyoiona inafaa. Kama kuna makosa, ibandueni."

Ofisa alirudi nyuma. Katika nchi ya Shwari karatasi yenye muhuri hubanduliwa na mkono ulioibandika tu, tena ndani ya saa za kazi. Watu wameshindwa kuingia nyumbani mwao miaka mingi kwa ajili ya heshima hiyo. Ofisa aliangalia saa yake, akapiga hesabu ya miaka sita, akatafuta mahali pa kukaa.

"Kazi inakupeleka wapi, mheshimiwa?" aliuliza Afande Kigogo.

"Twende Soko la Ghorofa," Chausiku alisema. "Bado nina kumi na moja."

Alikuwa amezipanga kichwani siku zote alizolala gerezani. Soko, Watu Watoke. Posta. Bweni la chuo cha ualimu. Ukumbi wa harusi, bibi harusi akatolewa na shela yake. Jengo la Kitengo cha Rangi. Wizara ya Ujenzi na Mwonekano yenyewe, ambako waziri alishuka ngazi ameshika koti, akiuliza nani ameamuru, na kila aliyemuuliza alimwonesha muhuri. Mahakama. Hazina. Karatasi ya kumi aliitumia kwenye maghala ya bandari, yenye vibarua mia nne. Zikabaki mbili: moja ya gereza, ambako nguzo ya bweni la wanawake ilikuwa imepasuka mpaka nondo yake inaonekana, imeliwa nusu, na moja ya Kitopeni.

Njiani gari lilipunguza mwendo penye zahanati ya kina mama. Haikuwamo kwenye orodha yake. Foleni ya wanawake wenye watoto wachanga ilikuwa kivulini, chini ya ghorofa, wanasubiri kupima uzito, na nguzo iliyobeba kivuli hicho ilikuwa imetumbuka tumbo.

"Simamisha," alisema Chausiku.

Alipotoka pale ilikuwa saa tisa na dakika tano, na karatasi ilikuwa moja. Afande Kigogo aliushika usukani bila kuwasha gari.

"Gereza liko kulia, mama," alisema taratibu. "Kitopeni kushoto. Kote kuwili hatuwahi kabla ya saa tisa na nusu."

"Hata tukiwahi, karatasi haitoshi."

"Mimi nalala mle pia. Siku za zamu."

"Najua, baba. Nisamehe."

Afande aliwasha gari. Halafu akakata kushoto.

Jumatatu, karatasi ya Watu Watoke ikiwa bado mlangoni Kitopeni, waziri alikwenda gerezani mpaka bweni la wanawake, mkononi ana barua ya msamaha yenye muhuri mkubwa. Alitaka jambo dogo: Chausiku aende Kitopeni, abandue karatasi, aende nyumbani kwa binti yake. Yaliyobaki yote yangesamehewa, hata ile ya kwanza ya Utukufu angeiacha.

"Nondo zikishaingia ndani ya zile nguzo, mheshimiwa, na Fundi Shomvi akizikagua, niite. Nitakuja kuibandua kwa mkono wangu," alisema Chausiku.

"Hizo nguzo zimeshamwagwa zege!"

"Basi zivunjwe."

"Utakaa humu miaka sita kwa ajili ya karatasi?"

Kabla hajajibiwa sakafu ilisogea. Ilisogea kidogo tu, kwenda na kurudi. Ile nguzo iliyopasuka iliguna, ikamwaga kokoto na unga mwekundu. Waziri, ambaye kwa mujibu wa kifungu cha nne hakuwa amehisi kitu chochote, alikuwa ameshafika nje ya lango, na mlinzi, akifuata utaratibu, alikuwa amelifunga nyuma yake.

Ndani, Chausiku alingoja mpaka vumbi likatulia. Alihesabu wenzake, wakatimia wote kumi na tisa. Kisha akawaambia wavute magodoro yao kutoka chini ya nguzo, akalivuta na la kwake, wakayapanga yote karibu na mlango.